Gari la kabureta haliwaki asubuhi ya baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu choki

Ikifika Juni, baridi ikishuka Njombe na Makete, simu zinaanza kulia kabla ya jua kutoka, na karibu zote zinasema jambo moja: "Jana jioni lilikuwa zima kabisa, leo haliwaki." Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila mwaka. Yanahusu magari ya petroli yenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini: Datsun 1200, Corolla za zamani, Peugeot 504, Landrova za Series, Volkswagen Beetle na ndugu zao. Gari la EFI, yaani lile linalopulizia petroli kwa mfumo wa umeme badala ya kabureta, halina choki ya namna hii, na la dizeli lina mambo yake mengine.

## Mambo ya kuanzia

1. Choki ni nini, na gari linaihitaji ya nini?

Fungua chujio la hewa, lile mafundi wanaloliita eyaklina, uchungulie mdomo wa kabureta. Kibati kile cha duara kinachozunguka kwenye kijiti chake ndicho choki. Chini yake, ndani zaidi, kuna kibati kingine kinachofuata pedali ya mafuta. Katika ukurasa huu nitakiita cha juu *kipepeo cha choki* na cha chini *kipepeo cha mafuta*, maana wengi huvichanganya na matokeo yake wanalegeza skrubu isiyohusika.

Petroli haiungui ikiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake. Injini ikiwa ya moto, petroli inageuka mvuke njiani, na hapo uzito wa hewa karibu mara 15 ya uzito wa petroli unatosha. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inang'ang'ania kwenye kuta za manifoldi (njia inayopeleka petroli na hewa kwenye silinda) kama umande na haifiki kwenye silinda ikiwa mvuke. Dawa yake ni kuongeza petroli kwa wingi ili hata kile kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe kuwaka. Kipepeo cha choki kikifunga, pistoni zinavuta lakini hewa haipiti, basi mvuto wote unaangukia kwenye petroli.

2. Nitajuaje kama choki yangu ni ya mkono au ya kujiendesha?

Kama kwenye dashibodi kuna kitufe cha kuvuta kilichounganishwa na kebo hadi kwenye kabureta, ni ya mkono. Datsun 1200 na Landrova nyingi ziko hivyo. Kama ubavuni mwa kabureta kuna kifuniko cha duara kilichoshikwa na skrubu tatu, chenye waya wa umeme au mipira miwili ya maji, ni ya kujiendesha. Beetle nyingi zina ile ya waya.

Kuna kundi la tatu. Magari ya Kiingereza yenye kabureta za SU, kama Morris Minor na Mini, hayana kipepeo cha choki kabisa. Kwenye nyingi kati ya hizo, ukivuta kitufe jeti (kitundu kinachopitisha petroli) inashuka chini ili petroli ipite kwa wingi. Ukimwona mtu anatafuta kipepeo kwenye SU, mwambie apumzike.

3. Mbona gari lilikaa Dar miaka mingi bila kusumbua?

Kwa sababu Dar haikulidai. Kwenye joto la pwani petroli inageuka mvuke vizuri hata injini ikiwa imelala usiku kucha, na gari nyingi zinawaka kwa kukanyaga mafuta mara moja mbili tu. Choki inaweza kufa miaka kumi na mwenye gari asijue. Siku unapohamia Mafinga, Njombe au Limuru, ndipo unagundua kwamba kebo ilishakatika zamani au kipepeo kimeganda kwa kutu. Gari halikuharibika njiani. Liliondoka pwani na ugonjwa huo.

4. Nini namna sahihi ya kuwasha gari la baridi?

Choki ya mkono: vuta kitufe mpaka mwisho, usikanyage mafuta, piga stata kwa sekunde zisizozidi 10. Lisipowaka, ngoja nusu dakika ndipo urudie, stata na betri zipumue. Likiwaka, rudisha kitufe kidogo ndani ya sekunde chache, kisha endelea kukirudisha taratibu injini inavyozidi kupata moto. Kipimo chako ni sikio: rudisha hadi injini ianze kusita, vuta tena kidogo, tulia hapo.

Choki ya kujiendesha: kabla ya kugusa stata, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini mara moja, uachie taratibu, ndipo upige stata. Hatua hii wengi hawaijui, hasa waliojifunzia gari la EFI. Choki hii inakaa na kamu yenye ngazi (kipande kinachoshikilia kipepeo cha mafuta wazi kidogo injini ikiwa baridi), na kipepeo cha mafuta kinaizuia isigeuke. Usipokanyaga, springi inataka kufunga choki lakini haina nafasi. Nimeshaona kabureta mbili zikifunguliwa zote bila kosa lolote, kumbe dereva hakanyagi.

Usiwashe gari likiwa kwenye gereji iliyofungwa milango ukaliacha linguruma "lipate moto". Moshi wa injini yenye choki una kaboni monoksaidi nyingi kuliko kawaida, haina harufu, na inaua. Litoe nje kwanza, hata kwa kulisukuma.

## Kabla ya kuilaumu choki

5. Nitajuaje kosa ni la choki, siyo betri wala plagi?

Anza na sauti ya stata. Ikizunguka kwa uvivu, choki hata ikiwa mpya haitakusaidia. Betri iliyojaa ikiwa imepumzika husoma karibu volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mtu akipiga stata, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Baridi inainyonga betri na pia inaifanya oili iwe nzito, kwa hiyo betri chovu ya Dar inakuwa maiti Njombe.

Stata ikiwa na nguvu, chomoa plagi moja baada ya kujaribu kuwasha. Ikitoka kavu na haina harufu, petroli haifiki: choki haifungi, au bakuli la kabureta ni tupu (angalia swali la 16). Ikitoka imelowa, petroli ipo ila haiwaki: ama imezidi (swali la 14), ama moto wa plagi ni hafifu, na hapo kazi ni ya pointi, kondensa, koili na nyaya.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha kipande cha ubao. Gari likiwa baridi, toa eyaklina, mwenzako apige stata, wewe funika kwa ubao karibu robo tatu ya mdomo wa kabureta. Ikishtuka na kuwaka, jibu umelipata: choki yako haifungi. Tumia ubao, usitumie kiganja. Injini ya baridi inaweza kurudisha moto juu kupitia kabureta, na uso wako pia uwe mbali.

6. Kila nikilipeleka gereji fundi ananiambia gari ni zima. Kwa nini?

Kwa sababu unalipeleka saa nne asubuhi, na umeliendesha kufika hapo. Ugonjwa huu una saa yake. Injini ikishapata moto choki haina kazi tena, na fundi hata awe hodari namna gani anatazama kitu kilichokwisha kupona kwa siku hiyo. Kwa kuwa hataki kukurudisha mikono mitupu, atafanya analoweza: atasafisha plagi, ataongeza sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) kwa skrubu, pengine atageuza skrubu ya mchanganyiko. Kesho alfajiri gari haliwaki, na sasa lina makosa mawili.

Liache gari gereji usiku. Mwambie fundi asiliwashe wala kulisogeza mpaka asubuhi, na wewe uwepo saa kumi na mbili. Kama haiwezekani, fanya ukaguzi mwenyewe nyumbani kabla jua halijapanda. Hauhitaji zaidi ya tochi, bisibisi na dakika tano. Mimi nimeshafukuza kosa moja kwa wiki tatu, nikabadilisha plagi, koili na chujio la petroli, na lilikuwa linaonekana wazi kwa yeyote ambaye angechungulia kabureta kabla ya kupiga stata. Kosa lenyewe liko kwenye swali linalofuata.

## Choki ya mkono

7. Navuta kitufe mpaka mwisho lakini gari halibadiliki. Tatizo liko wapi?

Toa eyaklina, mtu akae ndani avute kitufe, wewe tazama kipepeo. Kinatakiwa kufunga mdomo wote, kisibaki mwanya wa kupita hata kucha. Akirudisha kitufe, kisimame wima kabisa. Kikifunga nusu, kosa liko kwenye moja ya sehemu mbili.

Ya kwanza ni skrubu inayobana waya kwenye mkono wa choki. Waya ni mwembamba na laini, skrubu ikilegea kidogo tu waya unateleza ndani yake. Kwenye Datsun yangu waya ulikuwa umejichonga kijifereji palepale skrubu inapobana, unang'aa kama shaba iliyopigwa msasa, na kila nikivuta ulikuwa ukiteleza karibu sentimita moja ndipo unashika. Ndani ya gari mkono ulisikia ugumu wa kawaida, kitufe kilitoka chote. Kule mbele kipepeo kilikuwa kinaishia nusu njia. Nilikata ncha ile iliyolika, nikashika waya mahali papya, nikakaza.

Ya pili ni ganda la nje la kebo. Kuna kibano kinacholishika karibu na kabureta. Kibano kikipotea, ukivuta kitufe ganda zima linakunjika na kusogea badala ya waya wa ndani kwenda. Utaliona kwa macho likicheza kama nyoka.

Ukifunga upya, anza kitufe kikiwa kimeingia ndani ila kimebaki na mwanya wa milimita 2 hivi, kipepeo kikiwa wima, ndipo ukaze skrubu. Mwanya huo mdogo ndio unaohakikisha choki inafunguka yote.

8. Kebo imekatika. Naweza kuweka ya breki ya baiskeli?

Inaweza kukufikisha, lakini elewa tofauti. Waya wa choki ni mmoja, mgumu, unavuta na pia unasukuma. Kebo ya baiskeli imesukwa kwa nyuzi nyingi, inajua kuvuta tu. Ukirudisha kitufe itajikunja ndani na kipepeo kitabaki kimefunga, nawe utazunguka mjini siku nzima choki ikiwa imevutwa. Ukiitumia, weka springi ndogo ya kurudisha kipepeo, na uthibitishe kwa macho kwamba kinasimama wima. Kebo ya choki ya gari lingine yenye waya mmoja ni bora zaidi hata kama ni ndefu kuliko inavyotakiwa. Waya utaukata, ganda utalikata.

9. Kitufe kinarudi chenyewe nikikiachia.

Kwanza jaribu kukizungusha robo, vingi vinajifunga hivyo. Kama meno ya kushikilia yameisha, kibanio cha nguo kwenye shina la kitufe kinatosha kabisa. Landrova nyingi zimeishi hivyo.

10. Kipepeo ni kizito au kimenata. Nikipake nini?

Usikipake grisi wala oili ya injini. Vumbi letu jekundu likikutana na oili linakuwa kama msasa uliolowa, na baada ya mwezi kitanata zaidi. Safisha ncha mbili za kijiti kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta, au kwa petroli kidogo na mswaki wa zamani, injini ikiwa baridi na waya hasi wa betri umeuchomoa. Chezesha kipepeo kwa kidole mpaka kianguke kwa uzito wake chenyewe. Kikigoma hata baada ya hapo, chunguza kama kijiti kimepinda. Huwa kinapindwa na mtu aliyevuta kitufe kwa nguvu kikiwa kimeganda.

## Choki ya kujiendesha

11. Naikaguaje?

Alfajiri, kabla ya kuwasha, toa eyaklina, kanyaga pedali au sukuma mkono wa mafuta mara moja uuachie. Kipepeo kifunge, au kikaribie kufunga. Hiyo ni hatua ya kwanza. Washa gari. Palepale linaposhika, kipepeo kiruke na kufunguka milimita chache. Halafu kiendelee kufunguka pole pole, na ndani ya dakika chache kiwe wima. Ukiona hatua zote tatu, choki yako ni nzima, kosa litafute swali la 5. Hatua ya kwanza ikikosekana, springi imelegea, imekatika, au kijiti kimenata (swali la 10). Ya pili ikikosekana, nenda swali la 13. Ya tatu ikikosekana, soma hapa chini.

12. Haifunguki hata injini ikiwa ya moto. Moshi mweusi, mafuta yanaisha upesi.

Ndani ya kile kifuniko cha duara kuna springi ya bimetali, metali mbili zilizounganishwa zisizotanuka sawa. Ikipata moto inajikunjua na kuachia kipepeo. Kwa hiyo uliza: inapata moto kutoka wapi?

Kama ni ya waya, washa swichi upime umeme kwenye ncha yake. Ifike karibu volti 12, na izime unapozima swichi. Mara nyingi waya umechomoka au umeunganishwa vibaya. Kwenye magari yenye rezista ya koili, ukichukua umeme upande wa koili utapata volti pungufu na choki itachelewa kufunguka. Umeme ukiwepo na springi isisogee baada ya dakika chache, hita imekufa na kifuniko kibadilishwe.

Kama ni ya maji, shika mipira yake miwili injini ikiwa imeshatembea. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, njia imeziba kwa kutu. Yote miwili ikiwa vuguvugu, uliza juu ya tamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Huku kwetu kuna desturi ya kuing'oa tamostati na kuitupa, eti gari lisichemshe. Mahali penye baridi injini hiyo haipati moto wake hata baada ya kilomita nyingi, choki nayo inaendelea kuamini bado ni asubuhi. Mtu anahangaika na kabureta mwaka mzima kwa ajili ya kifaa cha bei ndogo alichotupiwa na mtu aliyetaka kumsaidia. Rudisha tamostati. Kama gari linachemsha ikiwepo, rejeta ndiyo inayodai kusafishwa.

13. Linawaka, linanguruma sekunde mbili tatu, linazima. Nikirudia, vilevile.

Injini inapopiga stata inataka choki iliyofunga. Mara tu inaposhika inataka hewa kidogo, la sivyo inazama kwenye petroli yake yenyewe. Kwenye choki ya mkono wewe ndiye unayeirudisha kidogo. Kwenye ya kujiendesha kazi hiyo ni ya kidude kama kikopo kidogo chenye diaframu (utando laini) ndani na mpira wa vakumu, yaani mvuto wa injini, unaotoka kwenye manifoldi. Injini ikishika, vakumu inavuta diaframu, nayo inafungua kipepeo ule mwanya mdogo.

Chomoa mpira huo, weka bomba kubwa la sindano kutoka duka la dawa, vuta. Mkono wa diaframu uingie na ubaki pale mpaka uachie. Ukiingia kisha ukarudi taratibu, diaframu imechanika. Angalia na mpira wenyewe. Nyufa zinakaa kwenye ncha, mahali unapovalishwa, na huzioni mpaka uupinde. Mwanya unaopatikana hupimwa kwa kuingiza mkia wa biti ya kekee kati ya kipepeo na ukuta. Fuata kipimo cha kitabu cha gari lako, maana kila kabureta ina chake.

Sababu ya pili ni sailensa ya asubuhi. Injini baridi haiwezi kunguruma kwa mwendo ule ule wa injini ya moto, inahitaji kuinuliwa. Ile kamu yenye ngazi ndiyo inayoshikilia kipepeo cha mafuta kiwe wazi kidogo. Ikiwa na uchafu au skrubu yake imelegezwa, gari litashika na kuzima. Ukilishikilia kwa mguu halizimi? Basi kosa liko hapo.

14. Harufu ya petroli imejaa na plagi zimelowa. Nifanyeje sasa hivi?

Acha kupampu pedali. Rudisha choki ya mkono ndani yote. Kanyaga mafuta mpaka chini kabisa, ushikilie hapo, upige stata sekunde 5 hadi 10. Kipepeo cha mafuta kikiwa wazi chote, hewa nyingi inapita na kukausha silinda. Kwenye kabureta nyingi za choki ya kujiendesha, pedali ikifika chini kuna mkono unaofungua choki kwa nguvu kwa ajili ya jambo hilihili. Likishika achia pedali taratibu.

Lisipowaka baada ya mara tatu, chomoa plagi, zikaushe, ziache nje dakika kumi. Kama linajaa hivi kila asubuhi bila wewe kupampu, shuku floti (boya la kwenye bakuli la kabureta linalofunga petroli likijaa): sindano yake imelika au yenyewe imeingia petroli. Siyo choki.

15. Nigeuze kile kifuniko cha springi kiasi gani?

Alama moja kwa wakati mmoja, injini ikiwa imelala usiku mzima. Kwenye Beetle kuna alama kwenye kifuniko na alama tatu kwenye mwili wa kabureta. Ya katikati ndiyo mahali pa kuanzia. Legeza skrubu tatu bila kuzitoa, geuza kidogo, kaza, ngoja kesho. Anayegeuza mara nne kwa asubuhi moja anapima injini ambayo tayari imepata moto.

## Yanayofanana na choki lakini siyo choki

16. Kila siku linawaka vizuri, ila likikaa siku nne tano linakataa.

Petroli ya kwenye bakuli la kabureta imekauka, na sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka kwa wepesi, ndizo zimetangulia kuondoka. Pampu ya kuendeshwa na injini inahitaji stata kuzunguka kwa muda ndipo ijaze tena. Kama pampu yako ina kijimkono cha chini, kipampu kwa mkono mpaka usikie uzito. Ili kuhakikisha, toa eyaklina, sukuma mkono wa mafuta ukichungulia ndani: petroli iruke kama mkojo wa panzi. Isiporuka, bakuli ni tupu au pampu ndogo ya kabureta imeisha.

17. Wengine wanamwagia petroli kwenye mdomo wa kabureta. Ni sawa?

Hapana. Najua inafanywa kila gereji, na najua mara nyingi gari linawaka. Lakini injini ya baridi ikirudisha moto juu, unakutana na petroli uliyoimwaga, chupa uliyoishika na mkono wako. Nimeona boneti lililoungua rangi na nyusi zilizokwenda. Kama huna njia nyingine, tia kijiko kimoja, funga chupa uipeleke mbali, rudisha eyaklina juu ya kabureta, ndipo mtu apige stata. Na kizimamoto kiwe karibu.

18. Linawaka bila shida, lakini nikienda kilomita chache kwenye ukungu linakosa nguvu na kuzima. Nikisimama dakika kumi linawaka tena.

Hiyo ni barafu ndani ya kabureta. Petroli ikigeuka mvuke inachukua joto, na kabureta inaweza kushuka chini ya sifuri hata nje kukiwa na nyuzi 8 au 10. Unyevu wa ukungu unaganda karibu na kipepeo cha mafuta na kuziba njia. Ukisimama, joto la injini linaiyeyusha, na fundi hakuti chochote.

Watengenezaji waliweka dawa: bomba linalochukua hewa ya moto kutoka kwenye manifoldi ya eksozi hadi mdomo wa eyaklina, mara nyingi na swichi ya kiangazi na baridi. Kwenye magari mengi huku bomba hilo lilishatupwa. Litafute, lirudishe.

19. Asubuhi ni zuri, mchana likiwa moto haliwaki.

Soma swali la 12 na 14. Kipepeo kikiwa wima na plagi zimekauka, petroli inachemka kwenye mipira iliyopita karibu na eksozi. Isogeze.

20. Hata likiwa moto, bila choki linazima.

Choki hapa inakufichia ugonjwa. Injini inapata hewa ya ziada au petroli pungufu: gasketi ya chini ya kabureta imechoka, mpira wa vakumu umepasuka, au jeti ya sailensa imeziba. Kwenye kabureta yenye valvu ya umeme ya kukata petroli, fungua swichi usikilize: ilie "tik". Isipolia, angalia waya wake kwanza kabla ya kufungua chochote.

## Maswali ya pembeni

21. Fundi amening'olea choki, anasema haina kazi.

Kama kipepeo kimetolewa na kijiti kipo, kinaweza kurudi. Mwombe kibati, au tafuta kabureta mbovu ya aina hiyohiyo uchukue. Skrubu zake mbili ndogo zipigwe ncha kwa nyuma zisiweze kufunguka, maana ikidondoka moja inaingia ndani ya silinda. Kama anataka kuing'oa na hajaing'oa, mkatalie mpaka aje kuliona gari alfajiri.

22. Kutembea choki ikiwa imevutwa kunadhuru?

Ndiyo, na zaidi ya mafuta kuisha. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini. Chomoa kijiti cha oili, unuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, rekebisha choki kwanza ndipo umwage oili. Ukianza na oili, utaimwaga tena wiki ijayo.

23. Nimehamia mwinuko mkubwa. Nibadilishe jeti?

Kwa ajili ya kuwaka asubuhi, hapana. Kwenye mita 1,900 hivi kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko pwani, kwa hiyo injini ya moto inapata petroli nyingi kuliko inavyohitaji. Utaona masizi kwenye plagi na nguvu kupungua mlimani. Jeti ndogo kidogo zinasaidia hapo. Baridi bado inadai choki. Rekebisha choki kwanza, tembea wiki mbili, ndipo usome rangi ya plagi.

24. Ninunue kabureta mpya?

Shika kijiti cha kipepeo cha mafuta ukitikise. Kikicheza kwenye tundu lake, hewa inapenya pembeni na hakuna urekebishaji utakaodumu. Hapo kabureta nyingine ina maana. Kama hakichezi, tafuta pakiti ya gasketi na diaframu za kabureta yako, soma namba iliyopigwa kwenye mwili wake kabla ya kununua, na piga picha kila upande kabla ya kufungua skrubu ya kwanza.